California Haijalifuta Somo, Imeliacha Bila Fungu

Juni 2025 Gavana Gavin Newsom wa California alisaini bajeti ya jimbo ya mwaka 2025/26, na ndani yake halikuwamo fungu la somo ambalo sheria ya jimbo hilohilo ilitaka kila sekondari ya umma iwe inalitoa kuanzia mwaka huo wa masomo. Ni somo la jamii na asili, linalohusu historia na maisha ya Wamarekani weusi, Walatino, wenyeji wa asili wa bara lile, na watu wenye asili ya Asia na visiwa vya Pasifiki. Waliolipinga waliona limezikwa. Waliolipigania kwa miaka waliona wamegeukwa. Ukisoma habari zake juujuu utadhani jimbo limebadili msimamo na kulifuta somo.

Hakuna kilichofutwa. Sheria ipo vilevile ilivyosainiwa tarehe 8 Oktoba 2021, na hakuna kifungu chake kilichoondolewa. Kilichotokea ni kwamba sheria hiyo ilizaliwa na sharti ndani yake: amri haianzi kufanya kazi mpaka bunge la jimbo litenge fedha kwa ajili yake. Fedha haikutengwa, basi amri imelala. Naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko somo lenyewe, kwa sababu linaonyesha kosa tunalolifanya kila tunapobishana kuhusu masomo ya lazima. Tunagombania jina la somo. Kinachoamua kama mtoto atafundishwa ni mambo mengine matano ambayo aghalabu hayafiki kwenye vichwa vya habari: sheria inambana nani, inadai dakika ngapi, nani analipa, mwalimu ni yupi, na nani anakagua. Sheria ya California ilikuwa na majibu ya baadhi ya maswali hayo, ikakosa la tatu. Sheria nyingi za majimbo mengine zimekosa karibu yote, lakini kwa kuwa hazikuandikwa sharti la fedha, zinahesabiwa kuwa zinafanya kazi.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu nzuri ya kulielewa vibaya jambo hili. Tanzania, somo likiwa la lazima, Taasisi ya Elimu inatoa mtaala, muhtasari na kitabu cha kiada, kisha Baraza la Mitihani linakuja kutahini. Kenya kuna KICD kwa mtaala na KNEC kwa mitihani. Amri, kitabu na mtihani vinatoka kwa serikali ileile, na mwalimu wa Mpanda anajua atapimwa kwa kile anachopimwa nacho mwenzake wa Temeke. Mzazi aliyekulia katika utaratibu huo, akihamia Sacramento au Chicago na kusikia kwamba sheria inataka mwanawe afundishwe jambo fulani, anajua limekwisha. Kumbe huko amri inatoka bunge la jimbo, kitabu cha sekondari kinachaguliwa na wilaya ya shule (mamlaka ya eneo inayoendesha shule za umma, yenye bodi yake), mwalimu anaajiriwa na wilaya hiyohiyo, na mtihani wa jimbo wa somo hilo mara nyingi haupo kabisa.

Mizizi ya hali hiyo ni ya kikatiba. Katiba ya Marekani haitaji elimu hata mara moja, na Marekebisho ya Kumi yanayaachia majimbo kila ambalo serikali ya taifa haikupewa. Sheria iliyounda Wizara ya Elimu ya taifa mwaka 1979 inaikataza wizara hiyo kuelekeza mtaala wa shule. Serikali ya taifa imejipa nafasi moja ndogo tu: sheria ya 2004 inataka kila shule inayopokea fedha zake ifanye mafunzo kuhusu Katiba kila tarehe 17 Septemba. Yaliyobaki ni ya majimbo 50, na kila jimbo lina orodha yake. Mahakama Kuu ya taifa huingilia pale jimbo linapovuka mpaka wa haki za mtu. Mwaka 1923 iliitengua sheria ya Nebraska iliyokataza kufundisha lugha za kigeni kabla mtoto hajamaliza darasa la nane, katika kesi ya mwalimu aliyetozwa faini ya dola 25 kwa kumsomesha Kijerumani mtoto wa miaka 10. Mwaka 1968 ilitengua katazo la Arkansas dhidi ya kufundisha nadharia ya mageuzi ya viumbe. Kesi hizo zilihusu majimbo yanayokataza. Jimbo linapoagiza, uwanja wake ni mpana sana.

Na kuagiza ni desturi ya zamani kuliko nchi yenyewe. Mwaka 1647 koloni la Massachusetts liliamuru kila mji wenye familia 50 umwajiri mtu wa kufundisha watoto kusoma na kuandika, na kila mji wenye familia 100 uanzishe shule ya kuwaandaa vijana kwa chuo, la sivyo ulipe faini ya pauni 5. Itazame amri hiyo kwa karibu. Inamtaja anayebanwa, ambaye ni mji. Inataja kipimo, idadi ya familia. Inataja adhabu. Hata mlipaji imemshughulikia: wazazi au wakazi kwa jumla. Watu wa karne ya 17 walijua kwamba amri isiyo na kipimo haimshiki mtu.

Mfano wenye nguvu zaidi ulikuja mwishoni mwa karne ya 19. Vermont ilianza mwaka 1882 kuagiza shule zifundishe madhara ya pombe kwa mwili, na ilipoingia karne mpya nchi nzima ilikuwa na sheria za namna hiyo. Aliyeongoza kazi hiyo ni Mary Hunt wa umoja wa wanawake wa Kikristo waliopinga pombe, na hakuridhika na somo kutajwa tu. Alikagua vitabu vya kiada kimoja kimoja na kudai robo ya kurasa za vitabu vya watoto wadogo izungumzie pombe na vileo vingine. Wachapishaji walitii, maana kitabu kisichopitishwa naye kiliuzika kwa shida. Somo lilifundishwa kweli. Lakini humo ndani mlikuwa na mambo mengi yaliyotiwa chumvi kupita kiasi, na wanasayansi wa zama zile walilalamika waziwazi. Sifichi mfano huu ingawa unaisumbua hoja yangu. Amri yenye meno hufundisha ilichobeba, kiwe kweli au kisiwe, kwa hiyo anayetaka meno yawekwe lazima akubali pia kuulizwa nani anaandika yaliyomo.

Sasa turudi California. Sheria ya 2021, iliyopelekwa bungeni na mbunge Jose Medina wa Riverside, inazibana wilaya za shule na shule za umma zenye mkataba maalumu. Inazitaka zitoe walau muhula mmoja wa somo hilo kuanzia 2025/26, na wahitimu wa 2029/30 wasipewe cheti bila kulifaulu. Yaliyomo hayakuachwa wazi. Kulikuwa na mtaala wa mfano uliopitishwa na Bodi ya Elimu ya Jimbo mwezi Machi 2021, baada ya rasimu ya kwanza kulalamikiwa kwamba ina upendeleo na kwamba inawaumiza Wayahudi. Sheria yenyewe ikaeleza nia ya bunge kwamba sehemu za rasimu zilizokataliwa kwa sababu hiyo zisitumike. Wilaya inaweza kutunga kozi yake, ila lazima iiwasilishe kwanza katika mkutano wa wazi wa bodi, kisha iipitishe katika mkutano mwingine wa baadaye. Mikutano miwili, ili mwananchi aliyeisikia wa kwanza apate muda wa kusoma na kurudi kusema. Hicho ni kifungu kizuri sana, na ndicho kilichosahauliwa kuliko vyote katika mabishano haya.

Kisha mwishoni mwa sheria linakuja sharti la fungu. Wengi waliolisoma 2025 walilichukulia kama mlango wa nyuma uliofichwa na maadui wa somo. Asili yake ni nyingine. Mwaka 1979 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 4, lililoingiza katika katiba ya jimbo kanuni kwamba jimbo likizibebesha serikali za chini kazi mpya, lizirudishie gharama. Wilaya za shule zinahesabika humo. Mwaka 1983 bunge liliongeza masharti ya kuhitimu, likiwamo sharti la kozi ya pili ya sayansi. Wilaya zikadai gharama za walimu na maabara, tume inayoshughulikia madai ya namna hiyo ikakubali kwamba zinastahili kulipwa, na jimbo likabaki na deni lililofika mamia ya mamilioni ya dola, pamoja na kesi zilizochukua miongo. Kozi moja ya sayansi! Tangu hapo, anayeandika mswada wa kuongeza sharti la kuhitimu huko Sacramento, makao makuu ya jimbo, anajua kuna bili nyuma yake. Sharti la fungu ni njia ya kusema: tunaliagiza, lakini tusije tukadaiwa kabla hatujawa na uwezo.

Bili hiyo ni kiasi gani? Makadirio ya jimbo yalikuwa dola milioni 276 kwa mwaka. Tuipime wenyewe. Shule za umma za California zina karibu wanafunzi 480,000 katika kila darasa la sekondari. Tukiwaweka 30 kwa chumba, tunapata vyumba 16,000 vya muhula mmoja. Mwalimu mwenye vipindi vitano kwa siku, kwa mihula miwili, anabeba vyumba 10 kwa mwaka. Hivyo tunahitaji walimu 1,600 wanaofundisha somo hili peke yake. Ukipiga mshahara, bima na pensheni, ukaongeza vitabu na mafunzo, kiasi kilichotajwa hakishangazi. Bajeti ya 2021 ilikuwa imetoa dola milioni 50 mara moja za kuandaa kozi, na wapo waliosema fedha hiyo ilitosha kuiamsha amri. Serikali ya jimbo haikuihesabu hivyo, na naona ilikuwa sahihi kwa hilo: fedha ya kuandaa si fedha ya kufundisha kila mwaka.

Kuna hoja moja dhidi ya hesabu yangu ambayo inastahili uzito. Mwanafunzi hakai nje akisubiri somo hili. Tayari yuko darasani kwenye kipindi fulani, na mwalimu wa kipindi hicho tayari analipwa. Ukiondoa kozi ya hiari moja ukaweka hii, idadi ya walimu haibadiliki. Kwa wilaya kubwa hoja hii ina nguvu, na ndiyo maana Los Angeles na San Francisco ziliweza kusonga mbele zenyewe bila kungoja jimbo. El Rancho, wilaya ndogo ya Pico Rivera, ilikuwa imeshalifanya somo hili kuwa sharti la kuhitimu tangu 2014. Lakini tazama kinachotokea katika sekondari ya mji mdogo wa bondeni yenye wanafunzi 300. Kozi ya hiari inayoondolewa ni ya kilimo, au ya muziki, na mwalimu wake hana leseni ya kufundisha historia. Hawezi kuhamishwa tu kama dawati. California haina leseni ya ualimu ya somo hili peke yake, hivyo linaangukia kwa wenye leseni ya sayansi ya jamii, na shule ile inaye mmoja au wawili, ambao ratiba yao imejaa historia ya Marekani, historia ya dunia, serikali na uchumi, yote ya lazima. Hapo ndipo gharama inapozaliwa, na shule ndogo ndiyo inayoibeba.

Kwa hiyo California ilikosa fedha lakini ilikuwa imejenga nyumba yenye nguzo. Linganisha na Illinois, jimbo lenye moja ya orodha ndefu zaidi za mambo ya lazima. Illinois ilikuwa ya kwanza kuagiza mauaji ya halaiki ya Wayahudi yafundishwe, mwaka 1990. Ilikuwa ya kwanza kuagiza historia ya Wamarekani wenye asili ya Asia, mwaka 2021. Kuna historia ya Wamarekani weusi, kuna mchango wa wanawake, kuna mwandiko wa kuunganisha herufi, kuna elimu ya kupima habari kwa sekondari, kuna kuwatendea wema wanyama, amri iliyodumu tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Ukisoma orodha unastaajabu siku ya shule inawezaje kuibeba. Jibu limo ndani ya sheria zenyewe. Kinachoagizwa aghalabu si kozi, ni sehemu ya mafundisho ndani ya somo jingine, na sheria ya 1990 inasema wazi kwamba kila bodi ya shule itaamua yenyewe muda mdogo kabisa unaotosha kuhesabika kuwa sehemu hiyo. Sheria ya 2021 ina maneno ya namna hiyohiyo, ikiongeza kwamba msimamizi wa shule wa mkoa ataangalia utekelezaji katika ukaguzi wa mwaka.

Maneno hayo yana matokeo darasani. Bodi moja inaweza kuamua sehemu hiyo ni wiki tatu, na nyingine ikaamua ni kipindi kimoja. Zote zimetii. Mwalimu wa historia ana kitabu kinachoanzia ukoloni na kinachopaswa kufika karne ya 21 kabla ya Juni, na anayejua kazi hii anajua kwamba mwaka wa shule haumaliziki pale kitabu kinapoishia. Theluji inakula siku. Mitihani ya jimbo ya kusoma na hesabu inakula majuma ya masika. Mambo ya karne ya 20, ambamo ndimo zimo nyingi za sehemu zilizoagizwa, yanasukumwa mwezi Mei, mwalimu akikimbia. Hapo sehemu inageuka filamu moja na karatasi ya maswali, na fomu ya ukaguzi inajazwa "imefanyika." Mwalimu hajadanganya. Sheria ilimwuliza swali jepesi akalijibu.

Nini kinabadilika sheria ikitaja dakika? California yenyewe ina mfano, tena katika somo lisilo na mabishano ya kisiasa hata kidogo. Elimu ya viungo kwa darasa la kwanza hadi la sita imewekewa dakika 200 kila siku 10 za shule, na kwa darasa la saba hadi la 12 dakika 400. Kwa miaka mingi shule za msingi zilizipunguza dakika hizo ili kupata muda wa kusoma na hesabu. Ndipo mzazi mmoja akaishtaki wilaya ya Albany, iliyo karibu na Berkeley, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba dakika zile ni wajibu ambao mahakama inaweza kuulazimisha. Zikafuata kesi dhidi ya wilaya kadhaa nyingine, na shule zikaanza kuandika ratiba zinazoonyesha dakika. Mawakili wake hawakuwa na haja ya kuthibitisha kwamba mazoezi ni mema kwa mtoto. Walihitaji ratiba ya shule na uwezo wa kujumlisha. Jaribu kuishtaki bodi ya Illinois kwa kufundisha sehemu fulani kwa dakika 40, uone utasimamia kifungu gani.

Wapo wanaopinga wazo zima la masomo ya lazima, na si wote wana hoja dhaifu. Yenye nguvu zaidi ni ya muda. Sheria ya California inadai dakika 64,800 kwa mwaka kwa sekondari, ambazo kwa siku 180 ni dakika 360 kila siku. Kozi ya muhula mmoja inameza karibu 5,000 kati ya hizo. Bunge likiongeza somo haliongezi siku. Linachukua dakika kutoka mahali fulani bila kupataja. Mbunge anapiga picha mswada wake ukisainiwa, na mwalimu mkuu ndiye anayechagua kipi kife. Hoja hii naikubali kabisa, na dawa yake ni kulazimisha kila mswada utaje kinachopisha. Sheria ya elimu ya fedha binafsi iliyosainiwa California Juni 2024 ilifanya hivyo kwa kiasi: kozi hiyo ya muhula mmoja, inayopaswa kupatikana shuleni ifikapo 2027/28, inaweza kuchukuliwa na mwanafunzi badala ya ile ya uchumi. Imeingia ikiwa na kiti chake. Unaweza kuhuzunika kwa ajili ya uchumi, lakini walau unajua nani amesimama ili nani akae.

Hoja ya pili ni ya matokeo: kwamba masomo ya amri hayafundishi kitu. Hapa ushahidi unavutia kwa sababu unagongana. Shawn Cole, Anna Paulson na Gauri Kartini Shastry, katika utafiti uliochapishwa 2016, walitazama amri za zamani za elimu ya fedha katika majimbo na hawakuona zilibadili akiba wala madeni ya waliopitia, ilhali masharti ya kuongeza hesabu yalionyesha faida. Carly Urban na wenzake walitazama amri za baadaye za Georgia, Idaho na Texas, wakaona vijana waliosoma chini ya amri hizo walikuwa na rekodi bora zaidi za mikopo na walichelewa kulipa mara chache zaidi. Wengine wanazitumia tafiti hizi kama fimbo za kupigana. Mimi naona zinapatana. Amri za mwanzo nyingi zilikuwa za kutaja tu, na zile za baadaye zilikuja na kozi yenye viwango.

Somo la jamii na asili nalo lina utafiti wake unaorudiwa kila mahali. Thomas Dee na Emily Penner waliangalia sekondari chache za San Francisco ambako wanafunzi waliomaliza darasa la nane na wastani wa alama chini ya 2.0, katika kipimo cha hadi 4.0, walielekezwa kwenye kozi hiyo walipoingia la tisa. Mahudhurio yalipanda kwa pointi 21 za asilimia, na wastani wa alama kwa pointi 1.4. Ni matokeo makubwa mno, na wapo wanatakwimu waliotilia shaka hesabu zake. Lakini hata ukiyakubali yote, tazama mazingira yake: walimu waliokuwa wakiiandaa kozi ile kwa miaka, katika wilaya iliyoitaka, kwa wanafunzi wachache. Watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba kulipeleka somo kila mahali kwa haraka kunaweza kuyapoteza matokeo hayo. Wanaolitetea somo mara nyingi wananukuu takwimu na kuiacha tahadhari, na kwa kufanya hivyo wanajinyima hoja yao bora ya kudai fungu: kwamba kilichowanufaisha watoto wale ni kazi iliyolipiwa na kuandaliwa.

Dhaifu kuliko zote ni hoja iliyozuka baada ya Juni 2025, kwamba kwa kuwa amri haikupata fedha, shule zinapaswa kuliacha somo. Haina mguu wa kusimamia. Sharti la fungu linahusu wajibu wa wilaya, halihusu ruhusa yake. Wilaya ya California ina uwezo wa kuongeza masharti yake ya kuhitimu juu ya yale ya jimbo, na zilikuwa zikifanya hivyo kabla ya 2021. Bodi iliyolipitisha somo hili kwa kura zake haikuguswa na bajeti ya Sacramento. Bodi inayotaka kuliondoa inaweza pia, kwa kura zake, na ijibu kwa wapiga kura wake. Kinachonikera ni viongozi wa wilaya wanaolisitisha na kuwaambia wazazi kwamba "jimbo limefuta," kwa sababu wanawanyima wananchi mjadala ambao ni haki yao, na wanaliwekea jimbo lawama ya uamuzi ambao ni wao.

Na kosa lina ndugu yake upande wa pili. Wanaharakati wa majimbo mengine wanaopiga hesabu ya ushindi kwa idadi ya sheria zilizosainiwa wanapaswa kuzisoma upya wakiwa na kalamu mkononi. Palipoandikwa "shule zinaweza," hakuna wajibu. Palipoandikwa "zitajumuisha" bila muda, wajibu upo ila hauna ukubwa. Pasipotajwa somo lipi linapisha, mwalimu mkuu ndiye mtunga sheria wa kweli. Pasipotajwa leseni, atafundisha mwenye nafasi kwenye ratiba. Pasipo mtihani wala ripoti ya wazi, fomu itajazwa. Florida imeagiza historia ya Wamarekani weusi tangu 1994, na bado mwaka 2023 nchi nzima ilikuwa ikibishana kuhusu kifungu kimoja cha viwango vyake, kilichosema kwamba watumwa walipata ujuzi ambao wakati mwingine uliweza kuwafaa wao wenyewe. Karibu miaka 30 ya amri haikutosha kuamua somo liseme nini. Aliyelipenda somo hilo alipaswa kuwa chumbani viwango vilipoandikwa, na chumba hicho kina viti vichache na wageni wachache zaidi.

Kwa mzazi wa California, wakiwamo wengi waliotoka Mombasa, Goma au Zanzibar na watoto wao wako madarasani humo, kazi ya sasa ni ya karibu na inawezekana. Ajenda ya bodi ya wilaya lazima ibandikwe hadharani saa 72 kabla ya mkutano wa kawaida, na kila mtu ana haki ya kusema humo. La kuuliza ni kama bodi yenyewe ilishapiga kura kulifanya somo hili kuwa sharti la kuhitimu, au ilikuwa ikingoja jimbo. Kama ilipiga kura, omba kuona kozi iliyopitishwa na tarehe za mikutano miwili iliyoipitisha. Kama ilikuwa ikingoja, uliza muhula uliokuwa umetengwa kwenye ratiba ya darasa la tisa umepewa somo gani. Swali hilo la mwisho ndilo muhimu zaidi, maana kipindi kikishapata mwenyewe hakirudi kwa urahisi, hata bunge likipata fedha mwaka unaofuata. Wahitimu wa 2030, waliokusudiwa kuwa wa kwanza chini ya sharti hili, wanaingia darasa la tisa 2026, na fomu za kuchagua kozi hugawiwa kwa watoto kuanzia majira ya baridi kabla ya hapo.